Waliokana atomi hawakuwa wajinga

Vitabu vingi husimulia habari ya atomi kana kwamba ilipokelewa bila ubishi: Democritus akaiwaza, Dalton akaipa uzito, Thomson akakuta elektroni, Rutherford akakuta kiini. Msomaji humaliza sura nzima bila kujua kwamba hadi mwaka 1900 baadhi ya wanasayansi wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanakana kuwa atomi ipo. Waliovuma zaidi ni mwanafizikia Ernst Mach wa Vienna, aliyedai kwamba sayansi ishughulike na yale yanayoonekana na kupimika tu, na mkemia Wilhelm Ostwald wa Leipzig. Ni rahisi kuwacheka leo. Mimi siwacheki, angalau si wote kwa kipimo kimoja.

Kwanza, upande wa atomi wenyewe ulikuwa na vurugu. John Dalton, katika kitabu chake cha 1808, alichukulia kwamba maji ni atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni. Hakuwa na njia ya kuzihesabu, akachagua muungano ulio rahisi zaidi, na uzito wa oksijeni ukatoka kombo. Mwaka 1811 Avogadro alitoa ufumbuzi: gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli, yaani vifungu vya atomi zilizoungana. Wengi hawakumjali mpaka mkemia Cannizzaro alipoitetea hoja hiyo kwenye mkutano wa wakemia huko Karlsruhe, Ujerumani, 1860. Yaani kwa nusu karne wakemia walitumia kitu ambacho hawakukubaliana hata juu ya uzito wake. Aliyesema atomi ni chombo cha hesabu tu alistahili kusikilizwa.

Ostwald, hata hivyo, alizidisha. Hakuishia kudai ushahidi. Alitaka nishati ishike nafasi ya maada, na huko Lübeck, Ujerumani, mwaka 1895 mwanafizikia Ludwig Boltzmann alimpinga vikali. Boltzmann alikuwa ameeleza joto na tabia za gesi kwa hesabu za chembe zisizoonekana. Hesabu zake zilifaulu sana, lakini mpinzani bado angeweza kuuliza: kufaulu kwa hesabu kunathibitisha vipi kuwepo kwa chembe?

Jibu lilikuja kwa namba. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba vipunje vinavyotikisika ndani ya maji, vinavyoonekana kwa hadubini, vinasukumwa na molekuli, na kwamba mwendo wao ukipimwa utatoa idadi ya molekuli hizo. Kuanzia 1908, Jean Perrin alipima jambo hilo Paris kwa vipunje vya utomvu. Kisha akalinganisha jibu lake na njia nyingine zisizo na uhusiano: ubuluu wa anga, mnururisho, umeme. Zote zilielekea namba moja ya molekuli katika moli (kipimo cha wakemia cha kiasi cha maada), namba ambayo leo huandikwa 6.022 × 10²³. Kama atomi ni hadithi tu, kwa nini ubuluu wa anga na utomvu vikubaliane? Mwaka 1909 Ostwald alikubali kwa maandishi. (Kichekesho ni kwamba alikubali miaka 12 baada ya Thomson kuonyesha kuwa ndani ya atomi mna kitu kidogo zaidi.)

Kesi ya Mach ingefungwa hapo, lakini haikufungwa. Mwaka 1913 Bohr alizipa elektroni njia maalumu za kuzunguka kiini, na akaeleza vizuri mwanga wa haidrojeni. Kwa heliamu mambo yakakwama. Mwaka 1925 Werner Heisenberg alizitupa njia hizo kwa hoja ambayo Mach angeitambua: hakuna aliyeziona wala aliyeweza kuzipima, basi nadharia ijengwe juu ya yale yanayopimika, kama vile rangi na ukali wa mwanga. Safari hii dai lilelile lililoichelewesha atomi ndilo lililoisogeza mbele. Tofauti naiona kwenye kazi ya Perrin: atomi ilikuwa na njia nyingi huru za kuifikia, na zikakutana; mzunguko wa elektroni haukuwa na hata njia moja ya kuufikia.