Bibi wa Shropshire na dawa yake ya siri

Waingereza wa zamani walikuwa na neno physic kwa kila kinachotibu: jani, mzizi, unga, hata kazi yenyewe ya tabibu. Katika habari zote za physic nilizosoma, inayonigusa zaidi ni ya bibi mmoja wa Shropshire, huko Uingereza, aliyekuwa na dawa ya watu waliovimba mwili kwa kujaa maji. Kuna waliopona kwake baada ya madaktari kushindwa. Dawa yenyewe aliifanya siri kwa miaka mingi.

Mwaka 1775 daktari William Withering aliombwa maoni kuhusu mchanganyiko huo. Ulikuwa na mimea ishirini au zaidi, na ulitapisha na kuharisha vibaya. Withering aliijua mimea vizuri, akatambua upesi kwamba unaofanya kazi ni foxglove, ule wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama vidole vya glavu. Ni sumu huo. Ukizidisha, moyo unasimama.

Ninachomsifia ni alichofanya baadaye. Kwa takriban miaka kumi alipima na kuandika. Alichagua majani, yachumwe wakati mmea unatoa maua, yakaushwe, yasagwe, unga upimwe kwa uzito mdogo kabisa. Akaonya: mkojo ukianza kutoka kwa wingi, au mgonjwa akitapika, akiharisha, au mapigo yake yakipungua kasi, acha dawa mara moja. Kitabu chake cha 1785 kinaeleza wagonjwa zaidi ya 150, waliopona na waliokufa. Hakuwaficha walioshindikana! Digoksini, dawa ya moyo inayotumika hadi leo, hutoka kwenye mmea wa jamii hiyohiyo.

Huku kwetu bado tunamsifu mganga kwa siri yake, na mimi silikubali hilo. Mgonjwa anapewa chupa ya mizizi iliyochemshwa, anaambiwa anywe nusu kikombe. Kikombe kipi? Cha kahawa au cha chai? Na aliyezidiwa baada ya kunywa, nani alimwandika?

Hofu ya wenye dawa naielewa, maana wakisema, faida huchukuliwa na wengine. Bibi wa Shropshire ni ushahidi tosha: Withering aliandika mengi, lakini jina la bibi hakuliandika. Mtafiti anayekwenda kijijini leo aanze daftari lake kwa jina la mwenye dawa, na fungu lake katika mapato likubaliwe kwa maandishi kabla jani halijachumwa.