Katapila na Jiwe la Wakwe

Kijiji sikitaji. Nimeoa pale, na wakwe zangu wanasoma simu kuliko mimi.

Mie ni opareta wa katapila, lile lenye minyororo badala ya magurudumu na bledi mbele kama ndevu za chuma. Mwezi huo wa Februari tulikuwa tunapanua barabara huku Kusini Unguja, jua linachoma, kaskazi linavuma, majani yamekauka mpaka ukiyakanyaga yanalia. Nimekaa kivulini na taniboi wangu, tunakula muhogo na pweza, mara nikamuona sheha anakuja na vespa, kofia mkononi.

"Mwanangu, mtu kachoma konde lake, moto umemkimbia. Unakuja kijijini. Hilo dude lako laweza kitu?"

Sasa yakhe, usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimetazama video za California, moto mkubwa kama mlima na makatapila yanaupita ubavuni. Nilijiona niko mle ndani. Nikafuta mafuta ya pweza midomoni nikamwambia, "Sheha, hili si dude. Nipe dakika 20."

Wenzetu kule hawakimbilii maji peke yake. Katapila linakwaruza ukanda mrefu mbele ya moto, linaondoa majani, vichaka na mizizi mpaka ubaki udongo mtupu, na takataka zote zinasukumwa upande usiokuwa na moto. Moto ukifika pale hauna cha kula, unalala na njaa. Nilimueleza sheha yote haya huku napanda ngazi. Akatikisa kichwa kwa heshima. Heshima ile ilidumu mpaka kwenye lami.

Maana ili kufika maweni ilibidi tukate barabara ya lami, na tani 20 za chuma juu ya minyororo zikipita kwenye lami, kesho yake unaitwa ofisini. Dawa yake ni matairi chakavu. Unayatandika, katapila linapita juu yake. Tulikuwa nayo manane. Taniboi anayatoa nyuma, anakimbia kuyaweka mbele, mie nasogea hatua mbili, nasimama, namngoja. Moshi unapanda juu ya minazi, sisi tunatandika kama watandika busati la bwana harusi. Daladala ikasimama kutungoja. Mama mmoja akatoa kichwa dirishani: "Huyo bwana harusi mwenyewe hajachelewa hivi!"

Tukafika. Nikashusha bledi, nikakanyaga mafuta, moshi mweusi ukatoka juu, watoto wakapiga makofi. Mdaa na mkwamba vikalala chini kama nyasi. Hatua 50, 60, 100, hewala. Nikageuka nyuma niutazame udongo mtupu.

Hakuna udongo.

Anayeyajua maweni anacheka hapa. Ile ardhi ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, udongo umo kwenye vishimo tu, kiganja hapa kiganja pale. Ndiyo maana mkulima wa maweni hutafuta kishimo ndipo apande. Mie nilikuwa nakwaruza jiwe, na majani makavu yamejaa kwenye nyufa zake yananitazama. Halafu minyororo yenyewe haikubuniwa kwa mahali kama pale. Mmarekani Benjamin Holt aliifunga kwenye mashine yake mwaka 1904, huko huko California, kwa sababu magurudumu yalikuwa yanazama kwenye udongo laini. Yeye alikimbia matope, mie nimelipeleka juu ya misumeno.

Nilitakiwa nisimame hapo nifikiri. Watoto walikuwa bado wanapiga makofi, nikaongeza mafuta.

Nilisikia "gwaa!" chini ya makalio. Jiwe moja lililokuwa limejificha kichakani lilishika tumbo la katapila, likalinyanyua. Minyororo yote miwili inazunguka hewani, hatuendi mbele wala nyuma. Kasa aliyepinduliwa ufukweni, ndiyo mie. Nikarudisha nyuma, nikasukuma mbele, ncha za minyororo zikawa zinagonga mawe ya pembeni: cha! cha! cha! Cheche zinaruka. Na nyinyi mnakumbuka yale majani ya kwenye nyufa.

Taniboi ndiye aliyeona kwanza. "Bosi, moto!"

"Naujua, ndio tuliokuja kuuzima."

"Si ule. Huu wetu!"

Nikageuka. Nyuma yangu, upande wa kijiji, upande ambao moto wa konde haujafika wala haukuwa na haja ya kufika, kimoto kidogo kinachangamka. Nikachomoa mtungi wa kuzimia moto, nikauelekeza, nikabana. "Psss," kama soda iliyolala wazi. Basi.

Waliotuokoa ni kina mama. Walikuwa wanakuja na ndoo kuupiga moto mkubwa, wakaacha njia wakaja kwetu. Bibi mmoja, kanga kiunoni, tawi bichi mkononi, anakipiga kile kimoto na kila pigo ananitazama mie:

"Mwanangu, Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya kuchoma kibanda, si Julai? Mbona wewe umeanza kuchoma sasa?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Zima hilo jini lako kwanza."

Nikalizima. Kutoka hapo vijana kumi na ushei walizunguka katapila na matawi na majembe, wanalilinda lisiungue, wakati lililetwa kuwalinda wao. Sheha alisimama pembeni, kofia kaivaa sasa, hasemi neno.

Moto wa konde je? Ulikuja kwa kishindo mpaka uwanja wa mpira wa kijiji, ukafa. Pale watoto wamecheza miaka na miaka, hapana jani wala mzizi, udongo mtupu kama ule nilioueleza nikiwa ngazini. Umekwaruzwa kwa miguu mitupu, bila lita moja ya dizeli.

Katapila lilikaa juu ya jiwe siku mbili mpaka ekskaveta ilipokuja kulivuta. Kwenye daftari la kazi kuna sehemu ya kujaza kazi iliyofanyika. Nikaandika "kusafisha njia." Msimamizi akasoma, akauliza njia ya kwenda wapi.

Sasa ipo, na watu wanapita kufuata kuni. Shemeji zangu wanaiita Barabara ya Mkwe. Unaingia kutoka lami, unakwenda hatua 130 moja kwa moja, unafika jiweni, unarudi.