Darubini itangulie, krimu ifuate

Mtu akifika duka la dawa muhimu Kasulu au Nzega akaonyesha doa linalowasha, mara nyingi huondoka na tyubu moja yenye dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Muuzaji anaona amekamilisha kila kitu. Mimi naona tyubu hiyo inatuficha magonjwa ya ngozi kuliko hata uhaba wa madaktari bingwa, ilhali kipimo kinachohitajika, cha kutafuta fangasi kwenye magamba ya ngozi, kinafanyika kwa darubini ileile inayosoma malaria na makohozi ya kifua kikuu.

Steroidi hutuliza muwasho ndani ya siku chache, mgonjwa akadhani amepona. Kumbe imeilaza kinga ya ngozi tu, na fangasi wanaendelea kutambaa. Duara la choa lenye ukingo ulioinuka na magamba linafutika. Linabaki doa pana lisilo na mpaka, pengine na vijipele vya usaha. Akiacha kupaka, muwasho unarudi kwa nguvu, naye anarudi dukani. Madaktari Ive na Marks waliandika juu ya choa hiki kilichojificha tangu mwaka 1968. Krimu hizo zikipakwa kinenani kwa muda mrefu, huacha michirizi isiyofutika. Huko India, matumizi yake holela yamehusishwa na kuenea kwa Trichophyton indotineae, fangasi ambaye mara nyingi dawa ya terbinafini haimwezi, na sasa ameshavuka mipaka ya nchi hiyo.

Wapo wanaotegemea programu za simu zinazosoma picha ya ngozi. Tusiziharakie. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulionyesha kuwa programu za aina hiyo hukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi, na wekundu unaotajwa vitabuni kwetu huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Andaa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10: gramu 10 katika maji safi ya maabara, ujazo ufike mililita 100. Tia kemikali hiyo kwenye maji kidogo kidogo, maana mchanganyiko huo hupata moto na huunguza. Uhifadhi kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa hula kioo. Pangusa doa kwa spiriti, hasa kama mgonjwa amejipaka mawese au mafuta mengine. Matone ya mafuta hudanganya jicho. Likishakauka, kwangua kwa kisu butu kwenye ukingo unaotambaa. Ukikwangua katikati, ambako ngozi imeshaanza kupona, utakosa. Weka magamba kwenye slaidi, dondosha tone moja, funika, subiri dakika 10 hadi 20. Kucha zinahitaji muda mrefu zaidi. Ukipasha moto, iwe kidogo tu, kwani ikichemka inafanya chumvichumvi na husomi kitu.

Shusha kondensa, lenzi ya chini inayokusanya mwanga, ili mwanga upungue, kisha anza na lenzi ya 10 na uhakikishe kwa ya 40. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uzi wa fangasi una upana uleule, una vikuta vinavyoukata vipandevipande na matawi, na hukatiza seli moja hadi nyingine. Mstari unaoizunguka seli ni mpaka wake tu. Uzi wa pamba ni mnene na hauna vikuta. Majibu yakiwa hasi, uliza kama mgonjwa amepaka dawa ya fangasi siku za karibuni, au kama magamba yalikuwa machache. Rudia kabla ya kuandika kwamba hana. Aliyetumia steroidi peke yake, kinyume na wanavyodhani wengi, huwa na nyuzi tele.

Doa lililofifia lisilowasha lisipewe krimu yoyote kabla ya kuguswa kwa pamba. Sokota ncha ya pamba, mguse mgonjwa kwanza kwenye ngozi nzima huku anaangalia ili aelewe, kisha afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Asipohisi kwenye doa, huenda ni ukoma; apelekwe kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Tanzania ilifikia lengo la kitaifa la chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, lakini ukoma haujaisha, na dawa zake hutolewa bure kwa miezi 6 au 12. Kila tyubu anayopewa mgonjwa huyu ni muda ambao mishipa yake ya fahamu inaendelea kuharibika. Hili linaniuma kuliko yote.

Upele hauhitaji tone la potasiamu haidroksaidi. Angalia katikati ya vidole, viganjani na sehemu za siri, uliza nani mwingine nyumbani anajikuna usiku, kisha watibiwe wote siku moja. Nako kwa mapunye ya watoto, krimu peke yake haitoshi hata kama fangasi wameonekana, kwa sababu wamo ndani ya nywele. Dawa ni ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8.

Zahanati isiyo na darubini isikwame. Magamba yawekwe kwenye karatasi nyeusi iliyokunjwa, yakiwa makavu, yaandikwe jina, tarehe na sehemu yalipokwanguliwa. Yasitiwe kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu huotesha bakteria. Yakikaa makavu yanasomeka hata baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo yanaweza kutoka kijiji cha mwambao huko Uvinza hadi kituo cha afya kwa boti yoyote itakayopatikana.