Posta tunajenga maghorofa ya vioo, joto tumelisahau

Mimi nasema wazi, maghorofa mengi mapya ya pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, hayakujengwa kwa hili joto letu. Kioo toka juu mpaka chini, madirisha hayafunguki, halafu mji wenyewe ndio huu una joto na unyevu karibu mwaka mzima, umeme ukikatika na jenereta likachelewa kidogo tu utaona watu washalegeza tai wanashuka ngazi kutafuta hewa barabarani. Na bahari iko palepale, upepo unavuma bure!

Hebu pita barabara ya Samora uangalie yale majengo ya miaka ya 60 na 70. Kuna moja huwa napanda ngazi zake, ukuta wote wa ngazi ni matofali ya matundu, mchana huhitaji taa, upepo unapita, mvua ikija na upepo unalowa bega kidogo basi. Madirisha yameingizwa ndani na juu yake zege limetokeza, linakata jua kabla halijagusa kioo. Wasanifu majengo kina Anthony Almeida na Beda Amuli walilijua jua la hapa, huyo Amuli ndiye aliyechora soko la Kariakoo na lile paa lake la miamvuli ya zege linalokinga maji ya mvua.

Sasa ninachotaka kusema hasa ni hiki. Serikali kuhamia Dodoma kuliamuliwa tangu 1973 lakini wizara zimekuja kuhama kweli baada ya 2016, ofisi zikaachwa hapa mjini Dar, na huku wanafunzi kibao wa chuo cha IFM wamepanga Kigamboni, asubuhi wanagombania pantoni kuwahi vipindi. Kwa nini wasilale hapahapa mjini? Jengo la zamani ni jembamba, kila chumba kina dirisha lake, ukiongeza mabomba na vyoo tayari una hosteli. Lile la kioo ni pana, katikati giza, bila AC hakukaliki, utamlaza nani mle?

Ndio maana naumia sana nikisikia jengo la zamani linavunjwa eti limepitwa na wakati. Na kama lazima mjenge jipya, jamani wekeni madirisha yanayofunguka, na pale chini acheni baraza pana lenye kivuli, fundi viatu na mama lishe nao wapate pa kukaa.