Maili za Ndege kwa Msafiri wa Mwanza: Ajiunge na Programu Ipi, na kwa Faida Gani?

Mfanyabiashara wa Makoroboi anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo, mzazi wa Nyegezi anayempeleka mwanawe chuoni Ulaya na mgonjwa anayekwenda kutibiwa India huingia ofisini kwa wakala wa tiketi wakiwa na swali moja kubwa, nalo ni bei. Fomu ya kukata tiketi ina nafasi nyingine ndogo ambayo wengi huiruka, inayoomba nambari ya uanachama wa programu ya wasafiri wa mara kwa mara. Wapo wanaosema kwamba kuiacha wazi nafasi hiyo ni kutupa fedha, kwa kuwa safari moja ndefu huweza kuingiza maelfu ya maili, yaani pointi za zawadi zinazoweza kulipia tiketi. Wapo pia wanaosema kwamba programu hizi zilibuniwa kumfunga abiria kwa shirika moja, na kwamba mtu wa kawaida hafiki kamwe pale zawadi ilipo. Kila upande una hoja yake, lakini hoja hizo nyingi zimetungwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na viwanja vikubwa vya ndege, na msafiri wa ukanda wa Ziwa ana mahesabu yake.

Mfumo wenyewe si mgeni. American Airlines ilianzisha programu yake ya AAdvantage mwaka 1981, na mashirika mengine yakafuata haraka. Baadaye ikaja miungano ya mashirika ya ndege: Star Alliance mwaka 1997, oneworld mwaka 1999 na SkyTeam mwaka 2000. Miungano hiyo ndiyo iliyoleta kanuni ambayo wasafiri wengi wa kwetu hawaijui, nayo ni kwamba abiria halazimiki kujiunga na programu ya shirika analopanda. Anayesafiri na Ethiopian Airlines, iliyoingia Star Alliance mwaka 2011, anaweza kuagiza maili zake ziingie katika akaunti ya Turkish Airlines au ya mwanachama mwingine yeyote wa muungano huo, mradi daraja la tiketi yake linakubaliwa na programu aliyoichagua. Safari moja huingizwa katika akaunti moja tu, na ikishaingizwa ni vigumu kuihamisha. Kwa hiyo shirika la kupanda na programu ya kujiunga ni maamuzi mawili tofauti, na ni la pili ambalo watu hulifanya bila kufikiri.

Kwa mkazi wa Mwanza, hoja ya kuchagua programu ya muungano huanzia kwenye ramani. Safari zake nyingi za mbali huanza kwa ndege ya Air Tanzania au Precision Air hadi Dar es Salaam, ambako mashirika ya Star Alliance kama Ethiopian, Turkish na Egyptair huchukua abiria wa kimataifa. Hata hivyo, Dar es Salaam si mlango wake pekee. Nauli zikipanda, wapo wanaopanda basi kupitia Sirari hadi Nairobi. Wapo wanaopitia Bukoba na Mutukula hadi Entebbe, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, barabara ya kwenda Geita na kuendelea hadi Rusumo na Kigali haina tena ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa za watu. Mtu mwenye viwanja vinne vya kuchagua, na ambaye mwaka huu anaweza kuondokea kimoja na mwaka ujao kingine, anahitaji akaunti itakayomfuata popote. Ethiopian na Turkish zinafika katika viwanja vyote vinne, na Brussels Airlines, ambayo nayo ni mwanachama wa Star Alliance, inafika Entebbe na Kigali. Upande wa SkyTeam, Kenya Airways ina makao yake Nairobi na KLM hufika katika kanda yote hii. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ni ajabu kwamba haitajwi sana. Msafiri wa Ziwa hubadili njia mara nyingi kuliko msafiri wa jiji kubwa, na akaunti ya shirika moja huadhibu kila badiliko la njia.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Emirates haimo katika muungano wowote, lakini ina programu yake ya Skywards ambayo hutumiwa pia na shirika la flydubai, na kwa mtu ambaye biashara yake yote iko Dubai, muungano una faida ndogo mno. Anakwenda na kurudi kwa njia ile ile, maili zote zinaingia mahali pamoja, na anaijua ratiba kwa moyo. Qatar Airways ni mwanachama wa oneworld tangu mwaka 2013, na mwaka 2022 ilianza kutumia Avios, pointi ambazo hutumika pia British Airways, Iberia na Finnair, jambo linalowafaa wenye ndugu Uingereza. RwandAir haimo katika muungano, lakini kwa mtu wa Ngara au Biharamulo Kigali ni jirani. Mwenye njia moja isiyobadilika anaweza kabisa kuchagua shirika moja na asijute. Tatizo ni kwamba wengi wanaojiona wana njia moja wanayo kwa sababu tu safari iliyopita ilipita huko.

Lililo gumu zaidi ni kujua utapata maili ngapi, na hapa ndipo matangazo huwapoteza watu. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa na kuendelea hadi Guangzhou ni takriban maili 6,100 za umbali, hivyo kwenda na kurudi ni kama maili 12,200. Msafiri akisikia hivyo hudhani kwamba maili 12,200 zitaonekana katika akaunti yake. Lakini kwenye tiketi yake, pembeni ya kila safari, pameandikwa herufi moja inayoonyesha daraja la nauli, na herufi hiyo ndiyo inayoamua. Tiketi mbili za viti vya kawaida vinavyofanana, vilivyo mstari mmoja ndani ya ndege ileile, zinaweza kuwa na herufi tofauti. Moja ikitoa asilimia 100 ya umbali, mwenye nayo atapata zile 12,200. Nyingine ikitoa robo, mwenzake atapata kama 3,000 tu, na ipo mipango ambayo nauli za chini kabisa hazitoi chochote. Tena asilimia hizo hutofautiana kati ya programu na programu, kiasi kwamba herufi inayopata robo katika programu ya shirika lenyewe inaweza kupata nusu katika programu ya mshirika wake. Kabla ya kulipa, mwambie wakala akutajie herufi ya kila kipande cha safari, kisha uifungue jedwali ya programu unayoitaka na ulinganishe. Kazi hiyo haizidi dakika kumi, na sioni sababu ya mtu anayelipa mamilioni ya shilingi kuikwepa.

Kuna programu zilizoacha kabisa kuhesabu umbali kwa ndege zao. Flying Blue, ambayo ni ya Air France na KLM, tangu mwaka 2018 huhesabu fedha. Mwanachama wa ngazi ya kwanza hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli, kodi za serikali na viwanja zikiwa zimeondolewa. Aliyelipa nauli ya euro 600 kabla ya kodi atapata maili 2,400, awe amekwenda Amsterdam au ameunganisha hadi Los Angeles. Mfumo huu humpendelea anayelipiwa tiketi ghali na mwajiri wake, na humpunja anayesaka nauli nafuu kwenda mbali, ambaye ndiye msafiri wetu wa kawaida. Wanaoutetea husema kwamba ni wa haki, kwa kuwa anayelipa zaidi apate zaidi. Pengine, lakini haki hiyo haimsaidii mzazi wa Nyegezi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tundu, kwa sababu maili zina umri. Katika Skywards, Miles&Smiles ya Turkish na ShebaMiles ya Ethiopian, msingi ni kwamba maili huishi takriban miaka mitatu, na zile za zamani hutoweka hata kama mwenyewe anaendelea kusafiri. Flying Blue hutumia njia nyingine: maili hufutika iwapo miaka miwili imepita bila safari inayohesabika, na safari moja ndani ya muda huo huzipa zote uhai mpya. Kwa hiyo ile Flying Blue ninayoilaumu kwa uchoyo wa kutoa ni mpole zaidi katika kutunza, na kwa kuwa Kenya Airways ni mwanachama wa SkyTeam, hata safari fupi ya Nairobi iliyoingizwa katika akaunti hiyo inaweza kuziokoa maili za miaka iliyotangulia. Mtu anayesafiri mbali mara moja kila baada ya miaka miwili hivi ana sababu nzuri ya kuangalia kanuni ya uhai kabla ya kanuni ya malipo. Akiingiza maili 3,000 leo na nyingine 3,000 baada ya miaka miwili katika programu ya miaka mitatu, za kwanza zitakuwa zimekufa kabla za tatu hazijafika.

Hapo ndipo wakosoaji hupata nguvu, nao wana hoja zaidi. Tiketi inayolipiwa kwa maili si ya bure, kwa kuwa kodi hulipwa taslimu, na mashirika mengine huongeza tozo ya mafuta inayoweza kuzidi nusu ya nauli ya kawaida wakati wa msimu mbaya. Thamani ya maili nayo hushuka bila mwenye nazo kuulizwa, hasa katika programu ambazo bei ya kiti kwa maili hupanda na kushuka kama nauli yenyewe. Aidha, ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni hutoka Marekani, ambako watu hukusanya sehemu kubwa ya maili zao kwa kadi za mkopo za benki bila hata kupanda ndege. Mkazi wa Mwanza anayelipa kwa simu au taslimu kwa wakala hana njia hiyo, kwa hiyo ahadi ya kupata tiketi ya bure baada ya mwaka mmoja haimhusu. Nakubaliana na wakosoaji katika jambo moja bila masharti: asiyesafiri mara kwa mara asilipe hata shilingi laki moja ya ziada ili kupata maili. Tiketi nafuu iliyo na saa nzuri za kuunganisha ichukuliwe kwanza, kisha maili zitafutiwe mahali pa kuingia.

Wanachosahau wakosoaji ni begi. Programu zina sehemu mbili, maili za kutumia na ngazi ya uanachama, ambayo hupanda kadiri mtu anavyosafiri, na kwa mfanyabiashara ya pili ndiyo yenye fedha. Mwanachama mwenye ngazi ya dhahabu ya Star Alliance hupewa begi moja la ziada, au kilo 20 pale ambapo mizigo huhesabiwa kwa uzito, na haki hiyo huheshimiwa na mashirika yote ya muungano. Ngazi ya juu ya SkyTeam ina nafuu inayokaribiana na hiyo. Kwa anayerudi kutoka Guangzhou na sampuli za viatu na vipuri vya simu, begi moja la ziada kila safari lina thamani kuliko tiketi ya zawadi itakayopatikana miaka minne ijayo. Chumba cha mapumziko chenye chai na mtandao ni starehe tu, ingawa nakiri kwamba saa sita za kusubiri usiku uwanjani hubadili maoni ya mtu.

Hata hivyo faida hiyo ina kikomo chake Dar es Salaam. Air Tanzania na Precision Air hazimo katika mojawapo ya miungano mitatu, na ikiwa kipande cha Dar es Salaam hadi Mwanza kimekatwa kwa tiketi ya peke yake, kadi ya dhahabu ya muungano haina nguvu katika kaunta ya ndani. Msafiri hutoka na mabegi yake matatu ya kilo 23, huyasukuma hadi kwenye mzani wa safari za ndani, na hapo hulipia kila kilo iliyozidi kiwango cha tiketi hiyo. Safari ikiwa imekatwa kwa tiketi moja hadi Mwanza, kwa kawaida kanuni ya mizigo ya safari ndefu ndiyo hufuatwa. Ndiyo maana namna kipande cha mwisho kilivyokatwa inaweza kuwa na uzito kuliko programu yoyote, na wengine huona heri kuupakia mzigo wa ziada kwenye basi au lori kutoka Dar es Salaam.

Kwa anayekwenda mbali zaidi ya mara mbili kwa mwaka, hasa kwa biashara ya China au Uturuki, ningechagua Star Alliance, na ningeangalia kwanza ni programu ipi kati ya ya Ethiopian na ya Turkish inayotoa asilimia kubwa kwa herufi ninazonunua mara kwa mara. Kwa familia inayosafiri kila baada ya miaka kadhaa, Flying Blue au Skywards zina nafuu ya kuwaruhusu wanafamilia kuchanga maili zao pamoja, na bila mchango huo sioni kama watafika popote. Kwa anayekwenda mara moja kusoma au kutibiwa, kujiunga ni bure na hakudhuru, ila asitarajie kitu.

Vyovyote atakavyochagua, jina la akaunti lilingane na la pasipoti. Watanzania wengi hujisajili kwa majina mawili ilhali pasipoti ina matatu, kompyuta hushindwa kuoanisha, na maili haziingii. Zisipoingia ndani ya wiki chache baada ya safari, hudaiwa kwa nambari ya tiketi na picha ya pasi ya kupandia ndege, na programu nyingi huweka kikomo cha miezi michache tu cha kupokea madai hayo.