Msitu wa Oslo Hauna Bawabu, Uwanja Wetu wa Umoja Una Mabati

Jumatatu kazini hapa Oslo, wakati wa chai, mwenzangu mmoja alikuja amefura kwa hasira. Wikendi alikwenda kutembea ufuoni, akakuta mwenye nyumba ametundika bango la kuwafukuza wapita njia. Alikuwa ameshalipiga picha na kuituma kwa manispaa. Meza nzima ilimuunga mkono. Mimi nilinyamaza na kahawa yangu, maana nimezaliwa Nairobi, ambako lango moja limeandikwa "Mbwa Kali", la pili "Ploti Hii Haiuzwi", na mtu anajipitia zake.

Hapa Norwei kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, mwenyeji na mgeni, haki ya kupita kwa miguu porini na msituni hata kama ardhi ina mwenyewe. Unachuma matunda ya mwituni. Unapiga hema bila kuomba ruhusa, mradi uwe mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa. Shamba lililolimwa huingii, ila majira ya baridi ardhi ikiganda au theluji ikilifunika, unakatiza. Na mwenye ardhi akiweka bango mahali ambapo watu wana haki ya kupita, mvunja sheria ni yeye.

Mimi hupenda kwenda Sognsvann, ziwa lililo mwisho wa njia ya treni namba 5. Ukishuka unatembea kidogo tu, msitu huo. Hakuna lango, hakuna bawabu, hakuna wa kukuuliza unaenda kwa nani. Jumapili utakuta ajuza na fimbo zake mbili, baba aliyebeba mtoto mgongoni, vijana na soseji zao kando ya maji. Watu ambao kwenye basi hawakutazami usoni, huku wanakusalimu. Mwaka 2009 bunge lilitunga sheria maalumu ya kuulinda msitu huu unaouzunguka mji. Mpaka ukachorwa, na ndani ya mpaka huo ujenzi kwa jumla ni marufuku.

Najua nitakavyojibiwa. "Norwei wana mafuta, sisi tunatafuta unga." Haya, tuhesabu miaka. Sheria ni ya 1957. Mafuta ya Ekofisk, eneo lao la mafuta baharini, yaligunduliwa 1969. Haki ya kupita waliiandika kabla ya kuuonja utajiri huo, kwa hiyo tusisingizie pesa.

Mwingine atasema nimekaa majuu nimeanza kuwadharau. Hilo linaniuma, kwa sababu sijui mji wenye watu waliopigania miti kama wetu. Mwaka 1989 serikali ilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi. Wangari Maathai akakataa, wabunge wakamkejeli bungeni, na jumba halikujengwa. Mwaka 1991 Zarina Patel akaongoza vita vya kuiokoa bustani ya Jeevanjee isigeuzwe maegesho ya magari. Januari 1999 Mama Wangari alikwenda msitu wa Karura, Nairobi, kupanda mche, akashambuliwa na wahuni na kupasuliwa kichwa. Tuzo yake ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004 alikabidhiwa hapa Oslo, kwenye ukumbi wa jiji. Nikipita nje ya jengo lile natembea kifua mbele, na nikiwa na wageni nawaeleza habari zake hata kama hawajaniuliza.

Lakini mbona kila kizazi kianze upya? Mwaka 2019 ilibidi watu waandamane tena ili barabara ya Expressway isiimege Uhuru Park. Mwaka 2020 mti mmoja wa mugumo kando ya barabara ya Waiyaki Way uliponea kukatwa kwa amri ya rais. Nilifurahi mugumo kupona, ila nchi ambayo mti mmoja unahitaji rais haijamaliza kazi yake ya kutunga sheria. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Karura tena, safari hii ni mvutano wa pesa za kiingilio kupelekwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inatupa haki ya mazingira safi. Nani ameniandikia haki ya kuyafikia mazingira hayo kwa miguu yangu?

"Na usalama je?" Swali la haki. Karura kabla ya kuzungushiwa ua ilikuwa ya kuogopwa, na leo akina mama wanakimbia humo asubuhi bila wasiwasi. Ua ule naushukuru. Ila mtoto wa mtaa wa Kayole anahitaji nauli ya kufika mjini, nauli nyingine hadi Kiambu Road, kisha kiingilio, zidisha na ndugu zake. Huyo Karura si yake. Chake ni kiwanja cha mtaa.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Mtaani kwetu Umoja, nusu ya uwanja tuliochezea imezungushiwa mabati. Binamu yangu alinitumia video. Goli moja limebaki ndani, mwamba wake umening'inia upande mmoja. Karatasi moja ya bati imekunjwa chini, na mpira ukivuka, mtoto mdogo kuliko wote hulala kifudifudi, akapenya, akautupa nje, akarudi mbio kabla mlinzi hajafika. Aliyezungushia hakuna anayemjua kwa jina. Kila mtu anajua tu kwamba "kuna mkubwa".

Sitaki theluji ya Oslo wala giza lake la saa tisa na nusu alasiri. Nataka kaunti itoe orodha ya kila kiwanja cha umma katika kila wadi, na ukubwa wake na namba yake ya ploti, ibandikwe kwa chifu ambapo hata nyanya yangu ataisoma. Kisha bunge la kaunti litunge sheria kwamba anayezungushia uwanja wa umma mabati ndiye mwenye kesi, si mtoto anayefuata mpira.

Nitakuwa nyumbani Desemba, na mimi na binamu yangu tutakwenda kwa mwakilishi wa wadi. Rekodi za ardhi za Nairobi ziko kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, tangu 2021, lakini bila namba ya ploti hatuna pa kuanzia. Mwenye ramani ya zamani ya Umoja, iwe ya karatasi au picha ya simu, tafadhali anitumie kabla sijakata tiketi.