Si Vidole vya Wakorea, Ni Kambi Yao

Katika StarCraft, gemu ya vita ya kompyuta, Mmarekani anayecheza Los Angeles mbele ya watu wa kwao anaitwa mgeni. Mfaransa akicheza Paris ni mgeni. Mchina akiwa Shanghai, mgeni. Dunia nzima ya gemu hii imegawanywa mafungu mawili tu: Wakorea na wageni. Nilipoanza kufuatilia nilidhani watangazaji wa mechi wanachanganya mambo, kumbe walimaanisha hivyohivyo. Mwenye nyumba ni Korea Kusini. Wengine wote wamekuja kutembea.

Nimekuwa nikifuatilia tangu 2011, enzi za kuvizia bando la usiku ili nishushe video ya fainali moja hadi alfajiri. Kucheza nilijaribu pia. Ukiwa Dar es Salaam seva ya karibu iko Ulaya, na askari unayemwamuru arudi nyuma anaipata amri akiwa ameshakufa. Kwa hiyo mimi ni mtazamaji tu, wa aina ya wale wazee wa kijiweni ambao hawajagusa mpira tangu shule ya msingi lakini wanajua kocha amekosea wapi.

Kwa asiyeijua, StarCraft haina zamu kama bao au drafti. Wawili mnaanza na wafanyakazi wachache, mnachimba madini, mnajenga, mnaunda jeshi, mnashambuliana, na vyote vinakwenda kwa wakati mmoja. Unachofanya mwenzako hukioni mpaka utume mpelelezi. Mchezaji wa kulipwa hubonyeza mara mia tatu na zaidi kwa dakika, na mechi inaweza kudumu dakika ishirini. Hapo ndipo lilipozaliwa lile elezo la ushindi wa Wakorea ambalo limenichosha: Mkorea ana vidole vyepesi, Mkorea ana nidhamu ya kuzaliwa nayo, Mkorea hachoki.

Huu ni uvivu wa kufikiri, na sisi wa Afrika Mashariki tungekuwa wa kwanza kuunusa. Kwa miaka mingi watu wamekuja kupima miguu ya Wakalenjin wa Kenya kwa futi wakitafuta siri ya mbio, wakati mji wao wa Iten upo pale, juu ya bonde, na mtu akiamka saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuwaona vijana makundi kwa makundi barabarani, bingwa wa dunia amechanganyika na kijana ambaye hajawahi kushinda hata mbio za wilaya. Ukikimbia kila siku nyuma ya bingwa, siku moja utajikuta ubavuni mwake.

Korea walifanya hivyohivyo, isipokuwa wao walikuwa wamekaa kwenye viti.

StarCraft ilitoka 1998, nchi ile ikiwa ndani ya msukosuko wa fedha ulioikumba Asia. Watu wengi walikuwa wamepoteza kazi, serikali ilikuwa inatandaza intaneti ya kasi, na mitaa ikajaa vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, PC bang, ambako vijana walikutana jioni kama sisi tulivyokutana kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira. Gemu ikaja wakati watu wana muda na hawana fedha. Kufikia 2000 kulikuwa na chama cha kusimamia wachezaji, KeSPA, na ligi zinazoonyeshwa kwenye runinga. Mwaka 2004 fainali ya ligi ya timu ilichezwa ufukweni Gwangalli, Busan, na ziliripotiwa habari za watu laki moja. Kwa ajili ya vijana wawili wawili na kompyuta!

Kisha kampuni kubwa zikaingia: SK Telecom, KT, Samsung, CJ. Hata jeshi la anga lilianzisha timu yake, ACE, mwaka 2007, kwa sababu kila kijana wa kiume kule lazima avae magwanda na watu hawakutaka kuona mastaa wao wakipotea. Kampuni hizi hazikununua wachezaji tu, zilijenga kambi. Nalitumia neno hili kama tunavyolitumia kwenye soka, timu imeingia kambini, ila hawa walikuwa hawatoki. Mnalala chumba kimoja, mnakula pamoja, mnacheza saa kumi au kumi na mbili kwa siku, kocha amesimama mgongoni. Na wapo wale ambao jina lao hutalisikia kamwe, wachezaji wa akiba, ambao kazi yao ni kumwiga mpinzani wa Jumamosi ili nyota wa timu aizoee mbinu yake. Nyuma ya kila bingwa aliyenyanyua kombe kulikuwa na vijana kumi walioshindwa naye mara elfu moja kimyakimya.

Mgeni alikuwa na nini? Chumba chake cha kulala, na mama anayeuliza lini atatafuta kazi.

Tazama tarehe, zinasema zaidi yangu. Mwaka 2000 Guillaume Patry, kijana wa Kanada, alitwaa OSL, ligi kubwa kuliko zote za runinga. Ni mgeni wa kwanza na wa mwisho kuitwaa. (Alibaki hukohuko, akajifunza lugha, na baadaye akawa sura inayojulikana kwenye vipindi vya runinga vya Kikorea. Mgeni aliyegeuka mwenyeji.) Alishinda wakati mfumo wa kambi ndio kwanza unapata miguu. Uliposimama, mlango ukafungwa. Kwenye World Cyber Games, yaliyokuwa yakiitwa Olimpiki ya gemu, dhahabu ya StarCraft ilikwenda Korea kila mwaka, bila mwaka hata mmoja wa kukosa. Bertrand Grospellier wa Ufaransa alifika fainali ya 2001, akafungwa na Lim Yo-hwan, yule waliyemwita Mfalme wa Terran, moja ya majeshi matatu ya gemu hii. Baadaye alihamia kwenye poka akavuna fedha nyingi. Simlaumu.

StarCraft II ilipotoka 2010 wageni walifurahi: gemu mpya, wote tunaanza sifuri. Furaha haikudumu. Alikuwepo Stephano, Mfaransa mwenye kiburi cha kupendeza, aliyewatesa Wakorea 2011 na 2012 kiasi cha kutupa matumaini. Lakini 2013 waandaaji walipoanzisha ligi za kanda, Marekani na Ulaya, Wakorea wakapanda ndege wakaenda kucheza huko. Fainali ya kwanza ya kanda ya Marekani ikawa kati ya Mkorea na Mkorea. Mwisho wa mwaka waliofuzu fainali za dunia walikuwa kumi na sita. Kumi na watano Wakorea, na Mswidi mmoja, NaNiwa, amekaa katikati yao kama mtu aliyekosea msiba.

Hapa ndipo ulipozuka ubishi ambao msomaji wa Tanzania ataujua hata kama hajawahi kushika kipanya cha kompyuta, maana ni ubishi wetu wa kila msimu kuhusu idadi ya wachezaji wa kigeni Ligi Kuu. Mwaka 2016 kampuni ya Blizzard, watengenezaji wa gemu, iliamua: anayetaka kucheza mzunguko wa nje ya Korea lazima awe mkazi halali wa eneo husika. Wakorea wabaki na ligi zao, na fainali za dunia zichukue wanane kutoka kila upande. Kelele zilizopigwa! Kwamba wageni wanabebwa. Kwamba nafasi nane wanapewa watu ambao Seoul wasingepita hata mchujo.

Nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Niliamini ukimkinga dhaifu atabaki dhaifu, na nilibishana usiku kucha na rafiki yangu wa Mombasa aliyeshikilia kwamba mtu hawezi kuwa bora ikiwa hali ugali kwa kazi hiyo. Leo naona nilikuwa nimekosea kwa sehemu kubwa. Ile kinga haikumfundisha mtu kucheza, lakini ilimpa kijana wa miaka kumi na saba mshahara, jukwaa, na sababu ya kumjibu mama. Ilikuwa aina fulani ya kambi, ingawa haina vitanda.

Halafu ikaja Oktoba 2016, mwezi ambao ningeandika kitabu juu yake kama kungekuwa na wa kukinunua. Mwanzoni mwa mwezi, Mmarekani Alex Sunderhaft, jina la mchezoni Neeb, alikwenda Korea akashinda Kombe la KeSPA, fainali akimfunga Mkorea Trap 4-0. Tangu Patry, miaka kumi na sita, hakuna mgeni aliyekuwa ameshinda shindano kubwa kwenye ardhi ile. Katikati ya mwezi huohuo, KeSPA ikatangaza kwamba ligi ya timu, Proleague, imefika mwisho baada ya miaka kumi na minne, na timu tano kati ya saba zinafunga shughuli zake za StarCraft.

Ingekuwa rahisi kwangu kusema kambi zilifungwa, basi wageni wakashinda. Bahati mbaya Neeb alishinda kabla ya tangazo. Tena kuna Mkorea ByuN, ambaye mwaka huohuo alitwaa GSL, ligi ngumu kuliko zote kule Seoul, akiwa hana timu yoyote, anafanya mazoezi peke yake, na Novemba akachukua na ubingwa wa dunia. Rafiki yangu wa Mombasa hunitupia ByuN kila nikitaja neno kambi. Jibu langu ni kwamba ByuN alikulia kambini kabla ya kuwa mpweke, na kwamba kambi zilianza kufa kabla ya kufungwa. Vijana wadogo wa Kikorea walikuwa wameacha kuingia. Unaweza kuwa na jengo, kocha na mpishi, lakini kama hakuna mtoto wa miaka kumi na tatu anayebisha hodi, unalinda gofu. Maru aliingia mashindanoni akiwa na umri huo, mwaka 2010. Sijaona Maru mwingine akija nyuma yake.

Hii inanifikisha kwa Joona Sotala, Serral, maana huwezi kuandika habari hizi ukamkwepa. Mfini, mpole, uso haubadiliki akishinda wala akishindwa. Alimaliza kwanza sekondari ndipo akaifanya gemu kazi ya siku zote. Hakulelewa na kambi ya Korea. Mwaka 2018 alishinda mashindano yote manne ya mzunguko wa wageni, na wenye shaka wakasema anatamba kwenye bwawa la watoto. Agosti akaenda Seoul kwenye shindano la GSL dhidi ya dunia, fainali akamfunga Mkorea Stats 4-3. Novemba, Anaheim, fainali ya dunia, Stats tena, 4-2. Dola 280,000, na kwa mara ya kwanza ubingwa ule ukaondoka mikononi mwa Wakorea. Februari mwaka huohuo Mkanada Sasha Hostyn, Scarlett, alikuwa ameshawatangulia wote kwa kushinda IEM, shindano la kimataifa lililofanyika PyeongChang, Korea, siku chache kabla ya Olimpiki, akimfunga sOs, bingwa wa dunia mara mbili, 4-1. Mwanamke wa kwanza kushinda shindano kubwa kiasi kile. Simuelewi mtu anayesimulia 2018 akaanzia Serral.

Je, Serral anaivunja hoja yangu? Anaikunja kidogo. Kilichokuwa kimefungiwa ndani ya kambi, yaani mpinzani mzuri kila saa na elimu ya mbinu mpya kabla wengine hawajaiona, kilikuwa kimeshavuja. Mechi za wakubwa zilirekodiwa na kugawiwa, Wakorea walikuwa wakijionyesha moja kwa moja mtandaoni wakicheza ili wapate chochote, na kijana wa Ufini aliweza kuchambua mchezo wa Stats usiku uleule. Lakini asidharauliwe kwa hilo. Stats na Rogue aliokutana nao walikuwa bado watoto halisi wa kambi, wamekomaa. Mama, yaani kambi, alikuwa amekufa, wanawe walikuwa hai na wenye nguvu, naye aliwafunga.

Baada yake mlango ulibaki wazi. Reynor wa Italia alishinda shindano la IEM Katowice 2021. Mwaka 2023, kwenye shindano hilohilo, Mchina Oliveira, ambaye karibu hakuna aliyemtaja kabla ya shindano, akamfunga Maru 4-1 kwenye fainali. Nililala saa tisa usiku na sikujuta. Riyadh 2024, Clem wa Ufaransa akamfunga Serral 5-0. Wageni wawili wakigombea kombe, na Wakorea wakitazama.

Na ukitaka kujua kama ni vidole, tazama ile StarCraft ya zamani, ya 1998. Bado inachezwa Korea, ina ligi yake na mashabiki wake, na huko mgeni hajapata kombe kubwa tangu Patry. Vidole ni vilevile na nchi ni ileile. Tofauti ni kwamba kwenye ile mpya wageni walilipwa na kufundishana, huku kwenye ya zamani hawakuwahi kujenga kitu.

Kambi zenyewe hazikupotea, zilivuka barabara. Mwishoni mwa ileile Oktoba 2016, siku chache tu baada ya SK Telecom na Samsung kutajwa miongoni mwa timu zinazoacha StarCraft, kampuni hizohizo mbili zilikutana Los Angeles katika fainali ya dunia ya League of Legends, gemu nyingine inayochezwa kwa timu. SK Telecom, yenye nyota Faker, ikashinda 3-2. Watoto wa miaka kumi na tatu walikuwa wanabisha hodi huko. Na huko kuna sheria iliyoanza msimu wa 2015: Mkorea akivuka bahari kwenda kucheza Marekani au China, anaandikishwa kama mchezaji wa kigeni, na timu hairuhusiwi kuanza mechi na zaidi ya wawili wa aina yake.